Umelipa pakingi lakini gari bado limefungwa? Fahamu jinsi malipo ya maegesho Eldoret yanavyofanya kazi

Kuna swali moja ambalo wateja wetu wa Langas hutuuliza sana, na mara nyingi huja kwa hasira: "Nimelipa kwa simu, meseji iko hapa, mbona kanjo amefunga gari yangu?"

Swali hilo ni la haki kabisa. Kwa mtu anayetoka Langas asubuhi na pikapu ya mboga kuelekea sokoni town, gari kufungwa si jambo dogo. Ada ya kupaki siku nzima ni pesa kidogo ukiilinganisha na saa tatu za kusimama kando ya barabara, sukumawiki ikinyauka na mteja akimpigia muuzaji mwingine. Ndiyo maana leo tunaeleza safari nzima ya malipo hayo: unamlipa nani, kwa nini, pesa hupitia wapi, inakwama wapi, na ufanye nini ukirudi upate chuma kwenye gurudumu.

Kwanza: unamlipa nani, na kwa sheria gani?

Wengi wetu husema "tunalipa kanjo". Jina hilo lilitokana na neno la Kiingereza la baraza la mji, enzi za Manispaa ya Eldoret. Baraza hilo halipo tena. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, kazi zake zilichukuliwa na serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu. Jina tu ndilo limebaki mdomoni.

Mamlaka ya kaunti yako kwenye Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linaorodhesha kazi za kaunti, na chini ya uchukuzi limetaja wazi barabara za kaunti, taa za barabarani, na trafiki na maegesho. Kifungu cha 209 nacho kinaruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Kwa hivyo kiwango cha kupaki hakipangwi na afisa aliye barabarani. Kinawekwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Sheria hiyo hupitiwa upya kila mwaka wa fedha, ndiyo maana kiwango ulichozoea kinaweza kubadilika. Tunakushauri uangalie kiwango kwenye tangazo rasmi la kaunti au kwenye menyu ya malipo yenyewe. Usitegemee picha iliyosambazwa WhatsApp mwaka juzi.

Na pesa yenyewe inaenda wapi? Kifungu cha 207 kinataka pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imeziondoa. Tafadhali kumbuka jambo hilo, tutalirudia tukifika kwenye "kitu kidogo".

Kwa nini tulipe kupaki mji wetu wenyewe?

Eldoret ilianza kama posta ndogo iliyofunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64. Ndiyo maana wazee bado huuita mji "Sikisti Foo". Jina Eldoret lilikuja mwaka 1912. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 tukawa jiji la tano nchini, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Watu wameongezeka, magari yameongezeka, lakini barabara za katikati ya mji kama Oginga Odinga, Kenyatta na Uganda Road haziwezi kunyooshwa kama mpira.

Tatizo hili halikuanza kwetu. Mita ya kwanza ya maegesho duniani iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Ilitoza senti 5 kwa saa. Wenye maduka walikuwa wamelalamika kwamba wafanyakazi wa mjini wanapaki asubuhi na kuondoka jioni, mteja anazunguka akikosa nafasi, kisha anarudi nyumbani bila kununua kitu. Ada ilikuwa njia ya kufanya nafasi izunguke.

Fikiria mama mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Nafasi iliyo mbele ya duka lake ikikaliwa na gari moja kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hiyo ni nafasi iliyokosa kuleta wateja kumi. Kwa hivyo ada si adhabu ya kumiliki gari. Ni bei ya kushikilia kipande cha barabara ambacho mtu mwingine pia anakihitaji.

Ada inakufikia wapi, na haikufikii wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu si kila mahali unaposimamisha gari ni "pakingi ya kanjo". Kuna sehemu tatu tofauti.

1. Maegesho ya kaunti. Haya ni maeneo ambayo kaunti imeyatenga kwa kupaki kwa malipo. Hapa ndipo malipo yako ya siku yanapofanya kazi.

2. Barabara kuu na mahali pasiporuhusiwa. Ukisimamisha gari kwenye barabara ya Kisumu hapo Langas likazuia magari mengine, jambo hilo linaangukia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na polisi wa trafiki wanaweza kukushika. Risiti ya kaunti haitakusaidia. Ni vivyo hivyo kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, juu ya njia ya wapita njia, au kwenye lango ambalo ambulensi hupitia kuelekea Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kulipa ada hakuhalalishi kupaki vibaya. Unaweza kuwa umelipa vizuri kabisa na bado ukafungwa, kwa sababu kosa lako ni la mahali, si la pesa.

3. Uwanja wa mtu binafsi. Maegesho ya jengo la biashara au ploti ya mtu yana mwenyewe. Ukilipa kaunti hujamlipa mwenye jengo, na ukimlipa mwenye jengo hujailipa kaunti. Ukitoka hapo ukapaki barabarani, unaanza upya.

Kabla ya kutoa simu mfukoni jiulize: niko kwenye sehemu gani kati ya hizi tatu?

Safari ya malipo yako, hatua kwa hatua

Sasa tuingie kwenye kazi tunayoijua zaidi. Ukilipa kwa simu, mambo manne hutokea.

Hatua ya kwanza: unaweka nambari ya biashara, kisha nambari ya akaunti, ambayo kwa kawaida huwa ni nambari ya gari lako. Ukitumia menyu ya kaunti, unaulizwa pia aina ya gari na muda.

Hatua ya pili: sisi tunaangalia kama una salio na kama PIN ni sahihi, tunatoa pesa kwako na kuipeleka kwenye akaunti ya kaunti. Hapo ndipo unapata meseji yenye kodi ya muamala, kiasi, jina la aliyelipwa, tarehe na saa.

Hatua ya tatu: mfumo wetu unauambia mfumo wa kaunti: "Kiasi hiki kimeingia, kwa akaunti hii, saa hii."

Hatua ya nne: mfumo wa kaunti unaandika nambari hiyo ya gari kwenye orodha ya waliolipa. Afisa akiingiza nambari ya gari lako kwenye kifaa chake, anasoma orodha hiyo.

Soma tena hiyo ya nne. Kifaa cha afisa hakisomi simu yako wala meseji yetu. Kinasoma orodha ya kaunti. Meseji yako inathibitisha kwamba pesa imetoka kwako na kumfikia mlipwaji. Haithibitishi kwamba jina la gari lako limeandikwa mahali panapofaa. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi ndogo, na matatizo mengi huzaliwa hapo.

Mambo matano yanayofanya uonekane hujalipa

Nambari ya gari iliyoandikwa vibaya. Hii ndiyo ya kuangalia kwanza. Gari la KDA 123A na la KDA 123B ni magari mawili tofauti. Ukisahau herufi ya mwisho, au ukaandika herufi O mahali pa sifuri, pesa itaingia kaunti lakini gari lako halitaonekana. Inawezekana umemlipia mtu usiyemjua, na yeye hajui hata ana bahati. Andika herufi na tarakimu zote bila kuacha nafasi katikati, ila kama menyu imesema vingine.

Aina ya gari isiyolingana. Kiwango cha gari dogo si sawa na cha matatu au lori. Ukichagua aina ya bei ya chini, mfumo unaweza kuhesabu malipo yako kuwa pungufu, na malipo pungufu yanaweza kuchukuliwa kama hujalipa.

Muda uliokwisha. Malipo ya siku ni ya siku hiyo. Uliyelipa jana saa kumi jioni huna haki ya kupaki leo saa mbili asubuhi eti kwa sababu "saa ishirini na nne hazijaisha". Soma masharti ya muda kwenye menyu kabla ya kuthibitisha.

Kaunti nyingine. Ukilipa Nakuru asubuhi, ukafika Eldoret mchana, malipo yale yamebaki Nakuru. Kila kaunti ina hazina yake na orodha yake. Vilevile, usichanganye ada ya kaunti na Paybill 222222. Hiyo ni ya eCitizen, na serikali kuu ndiyo iliyoifanya njia yake moja ya kupokea malipo ya huduma zake mwaka 2023.

Kuchelewa kwa mtandao. Kuna wakati hatua ya tatu huchelewa. Pesa imetoka, meseji imefika, lakini orodha ya kaunti bado haijapata habari. Ndiyo maana tunakuomba ulipe ukiwa bado umekaa ndani ya gari. Usisubiri mpaka uingie dukani. Ukiona meseji ya kaunti nayo imeingia, hapo shuka kwa amani.

Umerudi ukapata gari limefungwa. Sasa?

Tunajua moyo hupanda. Lakini fuata mpangilio huu.

Usiguse klampu. Usijaribu kuivunja wala kuondoa gari kwa nguvu. Hapo utakuwa umegeuza tatizo la ada kuwa kesi ya uharibifu wa mali.

Piga picha. Gari, nambari yake, mahali lilipo, alama za barabarani na karatasi yoyote uliyoachiwa. Hakikisha saa inaonekana.

Fungua meseji ya malipo na uisome polepole. Angalia vitu vinne: jina la mlipwaji, nambari ya akaunti uliyoandika, kiasi, na saa. Mara nyingi jibu liko humo.

Kama kila kitu ni sahihi, muombe afisa aweke kodi ya muamala, au aangalie nambari ya gari upya. Kama ulikuwa mtandao uliochelewa, huenda orodha imeshasasishwa. Zungumza kwa heshima. Afisa anasoma anachokiona kwenye kifaa, na mara nyingi hana uwezo wa kukibadilisha.

Kama kosa ni lako, lipa kwa njia rasmi pekee. Gharama ya kufunguliwa nayo lazima iwe kwenye sheria ya kaunti, na lazima upate risiti. Gari likivutwa hadi yadi, gharama huongezeka, kwa hivyo usiahirishe.

Kama unaamini umeonewa, andika malalamiko kwa ofisi ya mapato ya kaunti ukiambatisha picha na meseji. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapokuumiza. Unaweza pia kuomba nakala ya viwango vinavyotumika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi kama hilo ndani ya siku 21. Ukikwama kabisa, Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, hupokea malalamiko kama haya bila malipo.

Na sisi tunasaidia vipi? Tunaweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba muamala ulikamilika, saa ngapi na kwa akaunti gani. Uthibitisho huo una uzito kwenye malalamiko yako. Tusichoweza ni kuondoa klampu, au kurudisha pesa ambayo tayari imeingia kwa kaunti bila kaunti kukubali. Tunasema hivyo mapema ili usipoteze saa nzima kwenye simu ukisubiri jambo lisilo mikononi mwetu.

Jirani zetu Tanzania wana utaratibu unaofaa kutazamwa. Huko ada za maegesho mijini husimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na dereva hulipa kwa namba ya malipo ya serikali. Deni linaweza kukaa kwenye namba ya gari likasubiri kulipwa, badala ya gari kufungwa hapo hapo. Kila mfumo una maudhi yake, lakini tunaona somo moja: rekodi ikiwa safi, chuma hakihitajiki sana.

"Nipe mia mbili tumalizane"

Tuseme ukweli. Kuna wakati mtu huambiwa atoe kitu kidogo ili gari lifunguliwe haraka. Ukiwa na mzigo unaoharibika, inaonekana kama bei nafuu. Lakini Sheria ya Rushwa ya 2016 inamhesabu anayetoa na anayepokea wote kuwa na kosa. Halafu hiyo pesa haiingii kwenye Hazina ya Mapato. Afisa mwingine akipita dakika kumi baadaye, gari lako bado halijalipiwa, na utafungwa tena bila risiti ya kuonyesha. Ukiombwa hongo, ripoti kwa EACC. Wana ofisi hapa Eldoret, na nambari yao ya bure ni 1551.

Kuna pia matapeli wa kisasa. Wengine hubandika karatasi yenye nambari ya malipo kwenye kioo cha gari, au hukujia wakivaa koti la kung'aa na kukuomba utume kwa nambari ya simu ya kawaida. Kanuni ni rahisi:

Ada ya kaunti hailipwi kwa nambari ya simu ya mtu.
Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama ni jina la mtu au duka, simama hapo hapo.
Hakuna afisa, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako. Hakuna kabisa.

Kwa wenye boda, matatu na magari mengi

Ukiwa na gari linaloingia town kila siku, uliza kuhusu malipo ya mwezi au ya muda mrefu kama kaunti imeyaweka kwa aina yako ya gari. Piga hesabu ya siku unazoingia mjini kweli. Kama ni siku nane kwa mwezi, huenda malipo ya siku yakakufaa zaidi.

Mwenye gari aliyeajiri dereva, fanya malipo wewe mwenyewe kutoka kwa simu yako, kisha mtumie dereva meseji ile. Utabaki na rekodi ya kila mwezi, na mzozo wa "nilikupa pesa ya pakingi" utaisha. Kwa watu wa boda na tuktuk, nambari zenu za usajili nazo ziandikwe kamili kama zilivyo kwenye pleti, hadi herufi ya mwisho.

Maswali ya haraka

Nimelipia gari lisilo langu kwa bahati mbaya. Nifanyeje? Wasiliana na ofisi ya mapato ya kaunti siku hiyo hiyo ukiwa na kodi ya muamala, uombe malipo yahamishiwe kwa gari sahihi. Ukichelewa hadi kesho, siku uliyolipia itakuwa imepita.

Nimelipa mara mbili. Hifadhi meseji zote mbili na utuandikie. Tutathibitisha miamala, nawe utawasilisha ombi la kurudishiwa kwa kaunti.

Nimefuta meseji. Usijali. Omba taarifa ya miamala kwenye menyu yetu, kodi itakuwa humo.

Nikihama kutoka mtaa mmoja hadi mwingine mjini nalipa tena? Malipo hufuata nambari ya gari, hayafuati nafasi uliyopaki. Soma tu masharti ya eneo na muda yanayotokea kwenye menyu kabla ya kuthibitisha.

Kabla hujashuka kwenye gari

Angalia mahali uliposimama kama panaruhusiwa. Andika nambari ya gari ukiitazama pleti, usitegemee kumbukumbu. Soma jina kwenye skrini. Subiri uthibitisho. Usifute meseji mpaka urudi nyumbani Langas salama.

Yote hayo huchukua kama dakika mbili. Kama una swali ambalo hatujaligusa, tuandikie kupitia menyu ya huduma kwa wateja, na jirani yako anayeingia town na gari kesho asubuhi mtumie makala haya leo jioni.